Mrejesho: leza na chupa za duara

Wakuu, niliuliza kwa nini majina yanatoka yamebanwa nikichonga chupa za chuma kwa mashine ya leza, kwenye kizungusho cha rola (kifaa chenye rola zinazoizungusha chupa chini ya leza). Limetatuka! Aliyesema nipime rola, si chupa, Mungu ambariki: rola ndiyo inayosukuma, kwa hiyo programu ya kuendeshea leza inataka kipenyo chake. Kuhakikisha, nilizungushia chupa karatasi, nikachonga mraba wa milimita 40, ukatoka 40 kila upande. Nimepunguza kasi pia, maana chupa tupu ni nyepesi, inateleza. Zenye kitako chembamba nakiinua hadi pima maji ilale sawa, la sivyo upande mmoja unakuwa mbali na leza na herufi za mwisho zinafifia. Vikombe vyenye mkono wa kushikia bado sijaviweza, mkono unagonga rola. Mwenye kizungusho cha kubana kwa meno (kinachoshika chombo upande mmoja, bila rola) anieleze kinavyofungwa.