Naomba ushauri: njia za vumbi za baiskeli kuelekea Ziwa Rutamba, Lindi

Nyota_ya_Asubuhi:
Wakuu habarini, wakubwa shikamooni.

Nimehamishiwa Lindi kikazi nikitokea Morogoro. Kule wikiendi nilikuwa nachukua baiskeli yangu napita vinjia vya pembezoni mwa Bwawa la Mindu, kichwa kinatulia, hakuna wa kunipigia honi. Hapa nimejaribu barabara kuu ya kwenda Mingoyo nikasema hapana. Basi la Dar likikupita, upepo wake tu unakupeleka majanini.

Nimesikia sifa za Ziwa Rutamba na msitu wa Litipo. Nataka safari ya siku moja, nilizunguke ziwa, nirudi mjini kabla ya magharibi. Baiskeli ni ya mtumba, gia 21, tairi za milimita 38, za tyubu. Kilomita 60 za tambarare hazinisumbui. Mimi ni mwanamke na mara nyingi naendesha peke yangu.

Njia inapitika? Niende miezi gani? Tairi zinatosha? Na usalama je?

Naomba kuwasilisha.

Kijana_wa_Ngongo:
Siti ya mbele kabisa, nasubiri wajuzi.

Mmwera_Halisi:
Karibu sana kwetu dada. Mimi kwetu ni huko huko Rutamba, kwa hiyo sikupambi: kulizunguka ziwa lote, sahau. Ukingo una matete na mashamba ya watu, na maji hupanda na kushuka kwa msimu. Kinjia ulichopita kikavu mwezi wa nane, mwezi wa tatu ni tope la magotini. Ukilazimisha mzunguko utaishia kubeba baiskeli begani huku ukiombana radhi na wenye mpunga.

Badala yake ufanye msitu ndio safari, ziwa liwe pa kupumzikia. Litipo uko katikati ya maziwa mawili, Rutamba na Tandangongoro, na hilo la pili watu wengi wa mjini hata hawalijui. Kivuli kipo, magari hayapo, labda bodaboda mmoja na magunia yake ya mkaa akikupita anakusalimia. Ila ni hifadhi, usiingie kama unaingia sokoni. Pitia kwanza ofisi ya misitu, TFS, ueleze unataka nini. Kijijini nako jitambulishe kwa mwenyekiti au mjumbe. Dakika kumi tu za salamu, na baada ya hapo kila mtoto anajua wewe ni mgeni wa nani.

Majini usiingie hata joto likuzidi. Uliza wavuvi kwanza.

Bob_Pancha:
Jua lote hilo la Lindi kwa miguu miwili? Si upande bodaboda dada yangu, uso ubaki na rangi yake 😂

Nyota_ya_Asubuhi:
@Bob_Pancha bodaboda hainipunguzii kitambi kaka.

FundiSpoki:
Nijibu la tairi maana ndiyo kazi yangu.

Milimita 38 kwenye changarawe iliyoshindiliwa ni safi. Tatizo la huku kwetu kusini ni mchanga, hasa barabara zinazokatiza mikoroshoni. Unaona njia nyekundu ngumu, unanogewa, ghafla unaingia kwenye mchanga mweupe na usukani unaanza kujiendea wenyewe. Hapo usikate kona wala usikamate breki ya mbele. Rudi gia nyepesi, kaa nyuma kidogo kwenye siti, endelea kukanyaga bila kustuka. Tazama pia pembeni: karibu kila barabara ya mchanga ina kinjia cha waenda kwa miguu kilichokanyagwa kikawa kigumu. Pita hicho, ukimkuta mtu mpishe.

Upepo usijaze kama wa lami. Kwa mtu wa kilo 65 au 70 anza na psi 35 mbele, 40 nyuma, kisha punguza kidogo kidogo. Usishuke sana maana una tyubu: ukigonga jiwe rimu inaibana, unapata matundu mawili sambamba na kiraka kimoja hakitoshi. Kama uma na fremu vina nafasi, weka tairi za 45. Baada ya kufunga, kibakie kama kidole kimoja kila upande, la sivyo tope litasaga fremu.

Jambo ambalo wengi hawalijui: mafundi wa vijijini wana tyubu za inchi 28 za zile baiskeli nyeusi za kubebea mizigo. Kwa dharura inaingia kwenye rimu yako kama ni ya saizi ya 700. Lakini kagua tundu la valvu. Kama rimu yako ina tundu jembamba, valvu nene ya kijijini haipiti, na fundi ataanza kutafuta msumari wa moto. Beba tyubu zako mbili, viraka, solusheni na pampu.

Mtani_wa_Mikindani:
Lindi mnamchosha mgeni bure, aje Mtwara. Kuna tuta la reli ya zamani, ile Waingereza waliyoijenga kwa ajili ya karanga za Nachingwea. Ilifungwa 1962, vyuma vikang'olewa, tuta likabaki. Treni haipendi mlima, kwa hiyo mwinuko wake ni wa upole. Anza Mikindani asubuhi, jioni upate pweza.

Mmwera_Halisi:
Mtani, hilo tuta vipande vingine vimemezwa na vichaka na mashamba, usimdanganye mtoto wa watu kwamba atanyoosha mpaka Nachingwea. Pweza hata Lindi yupo.

Mama_Mikorosho:
Shikamoo ya mwenye uzi nimeipokea, marahaba mwanangu. Nyie wanaume mnabishana matairi na reli, hakuna aliyemjibu kuhusu miezi.

Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, Mei zinaisha. Kwa hiyo Juni mpaka Septemba ndiyo miezi yako, kuna baridi kidogo na ardhi imekauka. Lakini hiyo hiyo ndiyo miezi ya kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Tunapuliza alfajiri, umande ungali kwenye majani ili unga ushike, na ndiyo saa na ninyi watu wa mazoezi mnapita. Ukiona wingu la njano linatoka mikoroshoni, simama upande upepo unakotoka, lipite. Likikuingia machoni utalia mpaka saa nne. Miwani ya kufunika pembeni na kitambaa cha puani viwepo.

Kuanzia Oktoba sahau neno "hakuna magari". Korosho zinapelekwa maghalani, malori yanapita mpaka njia ambazo mwaka mzima ni za mbuzi. Na wakati huo mgeni anayezubaa pembeni ya shamba la mtu na miwani myeusi anaonekana mwizi wa korosho. Hata ukitaka kujisaidia, omba nyumbani kwa mtu, usizame mikoroshoni.

Nguo vaa zako za baiskeli, lakini weka kanga kwenye begi. Ukifika kijijini jifunge, ukae na kina mama, utaletewa ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kabla hujauliza. Peke yako si vibaya, ila mara ya kwanza nenda na mwenzio anayejulikana huko.

Popo_wa_Litipo:
Nyongeza ndogo. Litipo ni mojawapo ya misitu michache anakoishi komba wa Rondo, kakomba kadogo ka gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Hutoka usiku, kwa hiyo wa baiskeli hamtamuona. Ila ndiyo sababu mnaambiwa msikate vinjia vipya humo.

Nyota_ya_Asubuhi:
Nimeshukuru sana, hasa Mama. Basi nimepanga Julai, nikiwa na mwenzangu wa kazini ambaye ana shangazi Rutamba. Kwenda na kurudi naona kutapita kilomita 60 zangu, na kuna mchanga. Nafikiria asubuhi twende kwa Noah, baiskeli juu ya keria, tukatembee msituni, halafu mchana turudi tukiendesha. Mnaonaje?

FundiSpoki:
Safi. Toeni magurudumu ya mbele, na upande wa cheni uangalie juu usije ukapinda kishikio cha gia.

Nahodha_Mstaafu:
Mimi si mtu wa baiskeli, ni wa ngalawa, lakini geuzeni hiyo safari. Julai ni kusi, linavuma kutoka kusini mashariki na mchana ndiyo linapata nguvu. Rutamba iko magharibi ya mji. Mkirudi mnaendesha saa nane, upepo wote mnaula usoni na miguu imekwisha choka. Ondokeni mjini na baiskeli saa kumi na mbili asubuhi, jua na upepo viko mgongoni. Kurudi ndiyo mpande gari. Mwafaka na konda muwe nao mapema, kwa sababu jioni keria inajaa magunia.

Nyota_ya_Asubuhi:
Shikamoo Nahodha. Nimegeuza. Mwenye kumjua dereva wa Noah wa njia hiyo anayekubali baiskeli mbili, anitumie ujumbe pembeni.