Mtetezi wa haki katoweka, kituo chasema "ngojeni": barua iandikwe vipi uchunguzi uanze?

Mwana wa Likoni

Assalam aleikum, na shikamoo kwa wakubwa. Mtetezi wa haki za ardhi huku Likoni, Mombasa, hajaonekana tangu juzi magharibi. Mashahidi wawili waliona akisukumwa ndani ya gari dogo jeupe, na kufikia saa moja na nusu simu yake ikawa haipatikani. Familia ilikwenda kituo cha polisi, ikaambiwa ingoje saa 24, ikatoka bila namba yoyote. Sasa vijana wameandika barua ya wazi, kurasa tatu za "tunalaani vikali". Nauliza: ipelekwe kwa nani, idai nini, na kipi kitangulie?

Karani Mzee

Waaleikum salaam. Marahaba, mwanangu. Kurasa tatu ziwekeni akiba, zitafaa siku ya maandamano. Barua ya kulaani haiulizi kitu, na isiyouliza kitu haijibiwi.

Hizo saa 24 wamezigeuza. Zimo kwenye Katiba ya Kenya, kifungu cha 49, lakini zinamfunga polisi: aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na zikiishia wikendi, basi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. (Ndiyo maana ukamataji wa Ijumaa jioni una ladha yake.) Hakuna sheria inayoitaka familia ingoje ndipo ipige ripoti.

Rudini kituoni leo, watu wawili au watatu, mmoja awe shahidi. Ombeni iandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, na msiondoke bila namba, tarehe na saa. Kabla ya kuondoka someni kilichoandikwa. Hapa ndipo wengi huteleza: afisa akiandika "amepotea", faili inawekwa pamoja na za waliotoka nyumbani wasirudi, na hakuna anayeharakisha. Sisitizeni maneno haya: "alichukuliwa kwa nguvu na watu, mbele ya mashahidi". Huo ni utekaji, ni kosa la jinai, na kosa hudai mpelelezi.

Barua iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza jina, namba ya kitambulisho, mavazi, mahali na saa. Ya pili namba ya OB. Ya tatu madai, na kila dai liwe kitu cha kufanywa: jina na cheo cha afisa anayepeleleza, amri ya mahakama ya kupata data ya laini yake, picha za kamera za njia zote za kutokea Likoni. Njia zenyewe ni chache, gari litapita feri, au Dongo Kundu, au barabara ya Ukunda, basi zitajeni zote tatu na saa zake, kwa mfano saa 12 jioni hadi saa 4 usiku. Malizieni kwa tarehe ya kujibiwa. Siku 3 zatosha.

Ipelekwe kwa OCS (mkuu wa kituo), nakala kwa mkuu wa polisi wa kaunti, DCI (idara ya upelelezi wa jinai), IPOA (mamlaka huru ya kusimamia polisi) na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Chukueni nakala ya ziada igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Mpokeaji akikataa kugonga, andikeni pembeni saa na dawati, kisha tumeni ileile kwa barua pepe. Karatasi isiyo na muhuri, kesho mtaambiwa haikufika.

Fundi Kamera

Nyongeza ya haraka, maana hili halingoji barua. Mashine za kamera za madukani hujiandika upya juu ya rekodi za zamani. Disk ndogo yenye kamera nyingi yaweza kufuta ya wiki iliyopita, nyingine hata kabla. Leo tembeeni duka kwa duka kutoka mahali pa tukio, mwombeni mwenye duka anakili faili yenyewe kwenye flashi. Msirekodi kioo kwa simu, ubora unakufa na namba ya gari haisomeki.

Pigeni picha saa ya mashine kando ya saa ya simu yenu. Saa nyingi za mashine haziko sawa, na tofauti ya dakika 40 isipoandikwa mapema itavunja ushahidi wote baadaye. Aliyenakili aandike jina lake, tarehe na mashine aliyotumia, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti cha ushahidi wa kielektroniki.

Upande wa simu: IMEI, namba ya kutambulisha simu yenyewe, iko kwenye boksi. Kama kompyuta yake bado imefunguka akaunti yake, msiitoke na msibadilishe nywila. Pigeni picha ya mahali simu ilipoonekana mwisho. Msibonyeze kufuta simu kutoka mbali, mtafuta na ushahidi. Ila namba yake itoeni kwenye magrupu ya WhatsApp yenye mashahidi, sasa hivi, kwa sababu hamjui ameishika nani.

Msidharau data ya simu. Wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva walipotekwa tarehe 23 Juni 2016 wakitoka mahakama ya Mavoko, rekodi za simu zilikuwa sehemu ya ushahidi uliowatia hatiani polisi watatu na raia mmoja Julai 2022.

Kiapo

Karani kasema vyema, lakini msingoje hizo siku 3 ndipo mwende mahakamani. Ombi la habeas corpus, yaani la kuwaamuru wanaomshikilia mtu wamfikishe mahakamani, lifunguliwe Mahakama Kuu ya Mombasa sambamba na barua. Kifungu cha 22 chamruhusu mtu yeyote kufungua kwa niaba ya asiyeweza, bila ada ya kufungua, na cha 25 chaiweka habeas corpus kati ya haki zisizopunguzwa. Mnahitaji ombi, cheti cha dharura na hati ya kiapo ya ndugu.

Maombi huanguka kwa sababu moja hasa: familia huleta uchungu bila kiungo. Jaji atauliza, mnajuaje yuko mikononi mwa polisi? Pingu, bastola, redio ya upepo, kitambulisho kilichoonyeshwa, namba ya gari: chochote kama hicho kiingie kwenye kiapo. Na ombeni kwa njia mbadala kwamba, hata wakikana kumshika, waamriwe wachunguze na kuleta ripoti tarehe maalum. Bila ombi hilo la pili, wakikana tu, faili imefungwa.

Amri hizi zina meno. Agosti 2024 mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walichukuliwa Kitengela, na Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani. Aliyekuwa Kaimu Inspekta Jenerali wa polisi, Gilbert Masengeli, aliitwa mara kadhaa asifike, akahukumiwa miezi 6 tarehe 13 Septemba kwa kudharau mahakama. Watatu hao wakaachiliwa tarehe 20, na siku hiyohiyo yeye akafika kortini, hukumu ikaondolewa.

Mwana wa Likoni

Shukran sana. Namba ya gari tunayo, lakini mashahidi hawataki majina yao yaonekane popote.

Kiapo

Basi yasionekane. Kwenye barua waandikeni "shahidi A" na "shahidi B". Maelezo yao yachukuliwe na wakili, yabaki kwake, na kuna Shirika la Kulinda Mashahidi la kuombwa mapema. Namba ya gari itoeni kwa mpelelezi na mahakamani, si Facebook. Huenda ni bandia, mkamchoma asiyehusika.

Dada wa Kisauni

Umoja wa Mataifa una Kikundi Kazi kuhusu watu waliopotezwa kwa nguvu. Kenya ilitia saini mkataba wa Umoja huo kuhusu jambo hilo mwaka 2007 bila kuuridhia, lakini Kikundi hicho hupokea kesi hata hivyo, na njia ya haraka ni kwa kesi zisizozidi miezi 3. Mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na HAKI Africa yako hapahapa mjini na kazi hii yanaijua.

Na kwenye bango la kumtafuta msiweke namba ya mamake. Mtapigiwa usiku na mtu anayedai yuko naye, "tuma elfu kumi ya mafuta tumlete". Nunueni laini mpya, ashike mtu mmoja asiyelia kirahisi, na swali lake la kwanza liwe jambo ambalo mtekwaji peke yake ndiye analijua.