Naombeni ushauri: nimeombwa niwaandikie watoto wa marehemu rafiki yangu, niandike ukweli wote?

Kaskazi_Tulivu:
Wakuu, habari za humu. Nilifiwa na rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulikutana darasa la kwanza na hatukuwahi kuachana. Hadi watoto wake wananiita mama mdogo. Kumbukumbu ya mwaka inakaribia, na shemeji ameniomba niwaandikie watoto kuhusu mama yao. Yule mdogo hamkumbuki kabisa.

Shida ni hii. Tangu afariki, kila anayesimama kumzungumzia anasema alikuwa mpole na hakuwahi kugombana na mtu. Huyo mimi simjui! Wa kwangu alikuwa na ulimi mkali, anacheka pasipochekwa, anachelewa kila mahali, na akikununia utakoma. Kisha anatokea mlangoni kana kwamba hakuna kilichotokea, na amekuletea kile kile ulichokuwa unakihitaji. Nikiandika sifa tupu, nikisoma naona wasifu wa mtu mwingine, nafuta.

Halafu kuna aliyoniambia mimi peke yangu. Kuna kipindi alitaka kuiacha ndoa. Na kuna masomo aliyotamani kurudia, hakupata nafasi.

Jingine: watu wananiuliza, "Mume ameshatulia, wewe rafiki tu bado unalia?" Nimeanza kujiuliza kama niko sawa.

Bi_Shungi:
Pole mwanangu. Marehemu hasemwi. Andika mema, mengine kaa nayo kifuani. Watoto watayafanyia nini?

Msomaji_Kimya:
Bi_Shungi, shikamoo, ila hapa naomba nikupinge. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikakuzwa kwa sifa zake. Kila nilipokasirika niliambiwa, "Mama yako hakuwa hivi." Nikaamini hasira zangu nimeokota barabarani. Nikiwa mtu mzima, mama mmoja aliyefanya naye kazi akanisimulia jinsi alivyombamizia bosi mlango, akarudi baada ya dakika mbili kwa sababu alikuwa amesahau pochi. Nilicheka mpaka machozi. Siku hiyo ndiyo nilimpata mama.

Dada, waandikie huo ulimi mkali na huko kununa. Lakini usiandike "alikuwa mkali". Simulia siku moja, alisema nini, nani alikuwepo, iliishaje. Watajua wenyewe alikuwa mtu wa namna gani. Ya ndoa yaache.

Bi_Shungi:
Marahaba. Hapo kwenye ndoa tumekubaliana.

Nasaha_Huru:
Kuhusu "rafiki tu", hilo lina jina. Mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliliandikia mwaka 1989: huzuni ambayo jamii haiipi nafasi. Tazama hata likizo za msiba, kwa kawaida zinahesabu mwenza na ndugu. Rafiki wa miaka yote anarudi kazini kesho yake. Hukupewa pa kulilia, ndiyo maana unalia sasa.

Na kulia baada ya miezi mingi si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linatambua tatizo la huzuni iliyopitiliza, lakini hapo tunazungumzia mtu ambaye zaidi ya miezi 6 majonzi yamemshika hivyo hivyo kiasi kwamba maisha yake yamesimama. Kama unafanya kazi, unakula, unalala, unacheka siku nyingine, huna haja ya kujitilia shaka. Kama sivyo, muone mshauri nasaha, usisubiri mwaka mwingine.

FundiSimu:
Mmeongea ya moyoni, mimi niongee ya mkononi. Una sauti zake za WhatsApp? Toa nakala ya mazungumzo yenu yote pamoja na sauti, uhifadhi mahali pawili nje ya simu. Akaunti isiyotumika hufutwa baada ya siku 120 hivi. Ujumbe uliopo kwako haupotei, ila simu ikiibwa ndiyo basi. Na laini ikishapewa mtu mwingine utaona picha ngeni kwenye jina lake. Jiandae kwa hilo, linauma.

Kama familia wanafikiria kuugeuza ukurasa wake wa Facebook kuwa wa kumbukumbu, wajue baada ya hapo hakuna anayeweza kuingia hata kwa nywila sahihi. Picha watoe kabla.

Kaskazi_Tulivu:
Asanteni sana. Ya ndoa nayazika. Ila ya masomo? Shemeji ndiye atakayesoma kwanza, naogopa ataona nalaumu.

Msomaji_Kimya:
Mwulize yeye kabla hujaandika. Huenda anayajua kuliko wewe, alikuwa mumewe. Akikubali, watoto wakifika umri wa kuchagua masomo watakushukuru. Akikataa, liache kwa sasa. Wewe bado upo, utawaambia kwa mdomo wakikua.

Kaskazi_Tulivu:
Nitamwuliza Jumapili. Nimeshaandika kile kisa cha kwanza, tulipofukuzwa darasani kwa kucheka, na sijakifuta. FundiSimu, sauti zake nyingi zimo kwenye simu yangu ya zamani, kioo kimekufa kabisa. Zimepotea?

FundiSimu:
Hapana. Kubadilisha kioo hakugusi vilivyomo ndani. Mpe fundi unayemwamini, kaa hapo hapo akifanya, na akikwambia lazima aiflashi, yaani aweke programu upya na kufuta vilivyomo, chukua simu yako uondoke.