Mama (58) anasahau sana tangu akome hedhi, apimwe wapi hapa Moshi?

NdiziMzuzu: Wakuu, shikamooni mnaostahili. Mama yuko Kibosho, hedhi ilikoma miaka minne iliyopita. Hesabu za kikoba alikuwa anazishika kichwani, bila daftari. Mwezi huu kamdai mwenzake marejesho ambayo alishayapokea mwenyewe, wakagombana. Usiku anaamka kalowa jasho. Shangazi anasema ni kukoma hedhi tu. Jirani naye ana majibu yake ya kishirikina, siyaandiki hapa. Kuna kipimo kweli?

Mzee wa Kiborloni: Mimi nina 41 na jana nimetafuta simu huku naongea nayo. Punguza hofu.

Nesi Mstaafu: Shangazi hajakosea sana. Kipindi cha joto la ghafla na usingizi wa mang'amung'amu, wanawake wengi husahau, na mara nyingi hali hutulia yenyewe. Ila hesabu aliyoizoea miaka yote ikianza kumshinda, usingoje. Damu inapimwa kutafuta vinavyotibika: tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, kaswende, VVU. Presha pia, na masikio! Asiyesikia vizuri huonekana kasahau. Sonona nayo hufanya hivyo hivyo. Halafu yapo maswali. Wilaya ya Hai hapo jirani ndiko kilikofanyiwa kazi kipimo cha IDEA, kwa ajili ya wazee, hata asiyejua kusoma: taja wanyama kwa dakika moja, panga njiti za kiberiti, kumbuka maneno kumi uliyosomewa. Alama mbaya siyo ugonjwa bado, ni sababu ya kuchunguza zaidi. Anza hospitali ya mkoa ya Mawenzi, ikibidi watampa rufaa hospitali ya KCMC. Nenda naye wewe unayeishi naye karibu, daktari atakuuliza mengi kuliko atakavyomuuliza yeye.

Mangi Mdogo: Mnunulie vidonge vya homoni, dada yangu vilimsaidia kulala.

Nesi Mstaafu: Kwa jasho la usiku, daktari akiona vinamfaa, sawa. Kwa kuzuia kusahau, hapana. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2003 ulikuta wanawake wa miaka 65 na zaidi waliopewa homoni za estrojeni na projestini pamoja walipata ugonjwa wa kusahau mara mbili ya wenzao.

NdiziMzuzu: Asante mama. Nimempigia, kakubali Jumatatu. Ila kasema wanyama ataanza na jirani yetu.