Nizwa, Rustaq au Sur: tumpeleke wapi mama kwa siku mbili?

MamaKibokoni
Assalaam alaykum jamaa zangu. Tuko Muscat, Oman, mwaka wa sita sasa. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Mombasa, ana miaka 71 na goti lamsumbua. Watoto wana miaka 11 na 6. Ijumaa na Jumamosi ijayo mume wangu hana kazi, nataka tutoke sote tukaone ngome na miji ya kale. Njia tatu zanichanganya: ya kwanza Nizwa pamoja na Bahla na Jabrin; ya pili Nakhal, Rustaq na Al Hazm; ya tatu pwani hadi Sur tukipitia Qalhat. Gari letu ni dogo, si la milimani.

Mama amezaliwa hatua chache kutoka Ngomeni, amekua akiiona Fort Jesus kila uchao. Tangu afike aniuliza: "Hawa waliokuja kumtoa Mreno kwetu walitoka wapi hasa?" Nataka arudi nyumbani na jibu.

DerevaSeeb
Wa alaykum salaam dada. Nizwa, wala msifikirie mara mbili. Mkiondoka baada ya sala ya alfajiri, kwa saa moja na nusu hivi mmefika, barabara pana mwanzo mwisho. Ijumaa asubuhi kuna mnada wa mbuzi. Wauzaji wanawazungusha mbuzi kwa kamba kwenye duara, wanunuzi wamejipanga ndani na nje. Aliyependa humsimamisha mbuzi, humfungua mdomo atazame meno, humpapasa kiuno, ndipo bei zianze. Binti yangu hakutaka kuondoka. Wahini mapema, jua likipanda watu wameshatawanyika.

Kisha mnaingia ngomeni, ni papo hapo. Ule mnara mkubwa wa duara alijenga Imamu Sultan bin Seif, mtawala wa Oman aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Inasemwa ujenzi ulichukua miaka 12. Juu ya kila mlango wa ngazi kuna tundu la kumwagia adui asali ya tende iliyochemka. Waonyesheni watoto chumba cha tende: magunia yalipangwa juu ya sakafu yenye mifereji, tende zikajikamua kwa uzito wao wenyewe, asali ikachuruzika hadi kwenye mtungi.

BintiUnguja
Yote kweli, ila DerevaSeeb umesahau goti la mama. Ngazi za ule mnara ni nyembamba, zapinda, zina giza. Mimi mama yangu aliishia uani, akatungoja saa nzima kwenye kivuli. Jabrin nako ngazi tupu, na uzuri wake wote uko juu, kwenye dari zilizochorwa maua. Ngome ya Bahla ndiyo ya kwanza ya Oman kuingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, mwaka 1987, na kwa mtu mzima ni ajabu kuona udongo mtupu umepanda vile. Lakini ni kubwa mno na jua ni lako. Mtoto wa miaka 6 atachoka kabla hujamaliza ua wa kwanza.

Mkiamua Nizwa, mimi ningeiacha Bahla niende makumbusho mapya ya Manah, yaliyofunguliwa mwaka 2023. Ni karibu, ndani kuna ubaridi, na mama atatembea sakafu tambarare.

MwalimuTanga
Dada, mimi nitaanzia kwenye swali la mama, maana ndilo la kumtoa mtu nyumbani.

Aliyemtoa Mreno Mombasa ni Imamu Seif bin Sultan, mtoto wa huyo aliyejenga mnara wa Nizwa. Jeshi lake liliizingira Fort Jesus tangu Machi 1696, na ngome ikaanguka Desemba 1698. Hebu wazeni: karibu miaka mitatu watu wamefungiwa mle ndani, njaa na maradhi vikiwamaliza kuliko risasi. Seif alifariki mwaka 1711 na alizikwa Rustaq, ndani ya ngome. Mwanawe, naye aitwa Sultan bin Seif kama babu yake, ndiye aliyejenga ngome ya Al Hazm, na amezikwa humo humo. Kwa hiyo njia hii ya pili inawapa baba na mwana kwa safari moja.

Hata Jabrin ni ya nyumba hiyo hiyo. Ilijengwa na Bil'arab, kaka yake Seif. Ndugu hao waligombania uimamu, na Bil'arab akafia ndani ya kasri lake zuri akiwa amezingirwa na nduguye. Miaka michache baadaye Seif akaigeukia Mombasa. Nikisimama Jabrin sizioni zile dari peke yake.

Angalizo moja: ngome za huku hufungwa kwa ukarabati, tena kwa muda mrefu. Pigeni simu kabla ya kwenda, na Ijumaa msipange kuingia popote saa za mchana, ni wakati wa sala.

BabaMapacha
Naona Sur imekosa wakili. Mama ni mtu wa bandarini! Mpelekeni aone Fateh al Khair, jahazi lililoundwa pale pale mwaka 1951, limewekwa nchi kavu ulizunguke kwa miguu ushike mbao zake. Karibu yake kuna karakana wanakounda majahazi hadi leo, utasikia shoka. Na wazee wa Sur wengi ukiwasalimu kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiswahili. Mimi nilikalishwa barazani nikaulizwa habari za Malindi ya Unguja mtaa kwa mtaa.

Kuhusu Qalhat, ule mji wa kale uliobaki magofu, wasimulieni watoto habari za Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani kutoka Morocco. Mwaka 1331 alilala Mombasa usiku mmoja, akaenda Kilwa, na katika safari hiyo hiyo akaja huku. Alishuka Sur akatembea kwa miguu hadi Qalhat, akafika miguu imemvimba. Pale Qalhat kaburi la kale la Bibi Maryam lingali limesimama ingawa kuba limeanguka.

Nakubali ni mbali, kama kilomita 200, na Qalhat kuna kupanda. Lazima mlale huko.

BintiUnguja
Sur nzuri, ila si kwa goti hilo. Namuunga mkono Mwalimu. Rustaq kuna chemchemi ya maji ya moto, Ain al Kasfa, watu huisifu kwa maumivu ya viungo. Nakhal nako iko Ain Thawarah, maji yana uvuguvugu na hayana kina, watoto watachezea humo huku bibi ametumbukiza miguu. Bebeni mkeka na chupa ya kahawa.

MamaKibokoni
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Jana usiku nilimsomea mama maneno ya Mwalimu. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi nipelekeni kwa Seif, nimsomee Fatiha." Imekwisha hiyo.

Ijumaa asubuhi Nakhal na chemchemi, alasiri Rustaq, tulale huko, Jumamosi Al Hazm. Nimeshapiga simu kuuliza saa za kufungua. Mwanangu mdogo alikuwa amelitegemea soko la mbuzi, nimemwahidi Nizwa mwezi ujao na baba yake. DerevaSeeb, wajua pa kulala Rustaq penye chumba cha chini, pasipo na ngazi?

DerevaSeeb
Najua mahali pamoja. Nakutumia namba faraghani.