Fundi kanifungia intaneti kwa namba ya Dar wakati mimi niko Tanga: bili ya simu 214,600!

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mkononi nina bili ya simu ya mezani ya mwezi wa Oktoba 2006: shilingi 214,600. Miaka yote tuliyokaa hapa Tanga bili yetu haijawahi kuvuka elfu kumi na nane. Mama watoto alipoifungua bahasha alidhani wameongeza tarakimu kwa bahati mbaya. Hawakuongeza. Pesa hii imesababishwa na kampuni iliyonifungia intaneti nyumbani, na nawaeleza mambo yote yalivyokwenda ili kila mwenye modemu, yaani kile kifaa kinachoiunganisha kompyuta na intaneti kwa kupiga simu kwenye laini ya mezani, aende akaitazame yake leo hii.

Kompyuta niliinunua kwa ajili ya binti yangu wa kidato cha tano, na kwa ajili ya dada yangu aliyeko Muscat, ambaye miaka minne sasa tunamsikia kwenye simu dakika tano tano. Nikaenda ofisi ya kampuni moja ya intaneti hapa mjini. Wakaniambia lipia mwezi, halafu ongeza elfu thelathini ya kufungiwa, fundi atakuja nyumbani. Nikalipa palepale. Risiti ninazo zote.

Fundi akaja Jumamosi, mwisho wa Septemba. Kompyuta ilikuwa tayari na modemu ndani. Akachomeka waya wa simu, akatengeneza muunganisho, akabofya kupiga. Kosa namba 680: modemu haisikii mlio wa simu. Nikanyanyua mkono wa simu, mlio upo, nikampa na yeye asikie kwa sikio lake. Akanijibu, "Mzee, modemu hii imepigwa na radi ya masika, imekufa." Akatoa nyingine kwenye begi, elfu arobaini na tano. Nikatoa pesa. Akaifunga. Akapiga. Kosa 680 tena!

Hapo ndipo alipoingia kwenye mipangilio ya modemu na kuondoa tiki moja. Moja tu. Tiki ile inaiambia modemu isubiri mlio wa simu kabla ya kupiga. Windows yangu ilikuwa imewekwa nchi ya Marekani tangu inatoka dukani, kwa hiyo modemu ilikuwa inasubiri mlio kama wa Marekani, na mlio wa simu zetu haukuutambua. Ukiondoa tiki, inapiga bila kusubiri. Ikaita, ikapiga zile kelele zake, ikashika. Nikamuuliza, je ile ya kwanza nayo si ingeshika? Akasema haiwezekani, ile imeungua. Wiki iliyofuata nilimpa jirani yangu modemu "iliyoungua", tukaifunga kwenye kompyuta yake, tukaondoa tiki. Inafanya kazi mpaka leo. Elfu arobaini na tano yangu imekwenda hivyo, kwa sababu fundi hakutaka kufungua kidirisha kimoja kabla ya kufungua begi.

Suala la jina la mtumiaji sitalikalia sana. Siku mbili nilikuwa nakataliwa, kosa 691, kumbe jina linatakiwa liandikwe lote pamoja na alama ya @ na jina la kampuni. Kwenye kikaratasi chao limeandikwa nusu. Kupiga huduma kwa wateja ni lazima utumie simu ya mkononi, maana laini ya mezani ndiyo hiyohiyo ya modemu, na wao wako Dar. Kadi ya elfu mbili ikaisha nikiwa nasikiliza muziki.

Sasa njooni kwenye bili.

Nilikwenda kampuni ya simu, nikaomba mchanganuo. Yule dada wa dirishani alinihudumia vizuri, akanichapia karatasi nne. Namba moja imejirudia mara 61, na inaanza na 022. Sisi Tanga ni 027. Hatuna mtu wa kumpigia Dar kwa simu ya mezani, sote tuna simu za mkononi. Nikaendelea kusoma. Kuna simu iliyoanza saa 5:10 usiku ikakatika saa 12:25 asubuhi. Saa saba na robo! Usiku huo wote tumelala. Nikamuuliza binti, akaapa. Nikamwita hata kijana anayetusaidia shambani nikamhoji, na kwa hilo nimemwomba radhi mbele ya watu.

Aliyenifumbua macho ni mama watoto. Alichukua kalamu akazungushia zile tarehe, akasema, "Baba Zuhura, mbona siku za mgao hakuna simu hata moja?" Ni kweli. Usiku wa kukatika umeme, namba ile haipo kwenye karatasi. Umeme ukirudi, nayo inarudi. Simu ya mezani haihitaji umeme wa nyumbani kwangu. Kompyuta inauhitaji.

Kwanza nilidhani ni programu ya wizi. Mambo hayo yapo. Mwaka 1997 huko Marekani watu walipakua programu ya kutazamia picha, ikawa inakata muunganisho wao kimyakimya, inazima spika ya modemu, halafu inapiga Moldova. Watu wakaletewa bili za kutisha, serikali ikaenda mahakamani, wakarudishiwa pesa. Nikaisafisha kompyuta nzima, sikukuta kitu. Namba ile ya 022 ilikuwa kwenye muunganisho halali niliotengenezewa na fundi niliyemlipa elfu thelathini.

Tazameni alichofanya. Aliweka namba ya Dar es Salaam, na kumbe kampuni ina namba ya hapahapa Tanga! Kwa hiyo kila dakika niliyokuwa hewani nilikuwa napiga simu ya mkoani, ambayo bei yake ilikuwa kubwa kuliko simu ya hapahapa mjini. Akahifadhi neno la siri, akaweka tiki ya kujiunga yenyewe bila kuuliza. Kwenye mipangilio ya intaneti akachagua ipige kila wakati ambapo programu yoyote inataka mtandao. Kwenye muda wa kukata simu pakiwa hakuna matumizi akaweka isikate kamwe. Na mwisho, kitu kinachoniumiza kuliko vyote, akazima spika ya modemu. Aliniambia, "Nimewatolea zile kelele, mzee, zisiwasumbue." Nikamshukuru! Zile kelele ndizo zingetuamsha usiku.

Halafu akatushauri kompyuta tusiizime, tuzime kioo tu, ili programu ya kuzuia virusi ijisasishe yenyewe. Basi ndivyo ilivyokuwa. Usiku programu inataka masasisho, Windows nayo inataka yake, modemu inapiga Dar bila sauti, na hakuna wa kuikata. Yale masasisho makubwa ya Windows XP ya mwaka 2004, yanayoitwa Service Pack 2, faili lake zima ni megabaiti zaidi ya 260. Muunganisho wangu ulikuwa unashika kilobiti 31.2 kwa sekunde, yaani chini ya kilobaiti nne. Pigeni hesabu wenyewe: ni kama saa ishirini kwenye laini, kwa bei ya simu ya mkoani. Kitu ambacho unakipata kwenye sidii ya rafiki kwa nusu saa.

Jumatatu nikaenda ofisini kwao na karatasi zangu nne. Meneja hakunipa hata kiti. Jibu lake: "Sisi tunauza intaneti, bili ya simu muulize kampuni ya simu." Nikamuuliza nani alichagua namba ya Dar. Akasema fundi alitumia kikaratasi cha zamani. Nikamuuliza cha sasa kiko wapi. Akavuta droo, akanipa. Namba ya Tanga imo, mstari wa tatu! Ilikuwa kwenye droo, hatua ishirini kutoka mahali nilipolipia, na mimi nalipa simu ya Dar mwezi mzima.

Nikamwambia anirudishie tofauti ya bei, akacheka. Akasema mteja ana wajibu wa kujua kifaa chake. Mimi ni karani wa hesabu. Nililipa elfu thelathini kwa sababu sijui, na wao ndio walioniambia wanajua. Hakuna siku niliyofundishwa kwamba barua pepe naweza kuiandika laini ikiwa imekatwa, nikaunganisha nikatuma na kupokea, ikakata yenyewe. Nimejifunza hayo kwa binti, naye kayasoma maktaba. Sasa barua kwa dada inatugharimu dakika mbili. Oktoba nilikuwa naandika herufi mojamoja huku simu inahesabu.

Na namba ya Tanga nilipoiweka, muunganisho ukashika kilobiti 44. Modemu ileile, waya uleule. Ile 56 iliyoandikwa kwenye boksi sijaiona na sitarajii kuiona, na kutuma kwa modemu kama yangu hakuzidi 33.6. Lakini kutoka 31 kwenda 44, picha za mtoto wa dada zinafunguka kabla chai haijapoa. Yaani walinipa kitu cha polepole zaidi kwa bei kubwa zaidi.

Ninachodai hakina siri. Walipe tofauti kati ya simu za Dar na simu za Tanga kwa zile mara 61. Warudishe pesa ya modemu ambayo sikuihitaji. Na kikaratasi wakiandike upya kwa Kiswahili, namba ya kila mji ikiwa juu kabisa. Nimewaandikia barua na nakala wameigongea mhuri, maana utaratibu ni kuanza na aliyekuuzia. Wasiponijibu, barua hiyohiyo inakwenda Mamlaka ya Mawasiliano ikiwa na mchanganuo na risiti zote. Bili yenyewe nimeanza kuilipa kwa mafungu. Ada ya muhula wa binti imeguswa, na hilo sitalisahau.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Wengi mmeuliza mtaangaliaje. Fungua muunganisho wako usibofye kupiga, tazama namba. Kama uko mkoani na inaanza na 022, simama hapo, nenda kadai namba ya mji wako, iandike bila namba ya mkoa. Ondoa tiki ya kuhifadhi neno la siri. Ingia mipangilio ya intaneti, sehemu ya miunganisho, chagua isipige kamwe, uwe unapiga mwenyewe. Muda wa kukata weka dakika tano. Kisha nenda kwenye modemu, rudisha sauti ya spika mpaka juu. Kwangu sasa ikipiga inasikika mpaka jikoni, na usiku waya nauchomoa ukutani kwa mkono wangu.