Huyu mtu wa jezi mpya kila Agosti leo kanivukia mpaka, eti Bundesliga (ligi kuu ya Ujerumani) ni ligi ya wakulima, yaani dhaifu

Wakuu habari za jioni, ingawa yangu mimi sio nzuri hata kidogo.

Simtaji jina maana mnamjua wote na najua yumo humu anasoma kimya kimya kama kawaida yake. Ni yule yule. Yule ambaye 2016 alikuwa Leicester wa kuzaliwa, 2020 akawa Liverpool damu, City walipobeba makombe matatu 2023 akatuapia kwamba yeye yuko nao toka enzi za madaraja ya chini, na PSG walipompiga Inter tano bila pale Munich 2025 kesho yake asubuhi alikuwa ndani ya jezi ya PSG lebo bado inaning'inia kwapani. Huyo.

Sasa leo tumekaa watu kama tisa tunaangalia mpira, Bayern anaongoza nne, mimi niko zangu kwenye kona sijamgusa mtu, goli la tatu sikushangilia hata, kwa heshima tu. Jamaa anaingia kipindi cha pili, anasimama katikati ya tivii na watu, anaangalia matokeo, anacheka kwa pua, anasema "bado mnaangalia wakulima?" Nikanyamaza. Akasema hiyo sio ligi, ni mazoezi ya timu moja na waalikwa kumi na saba. Nikanyamaza. Ningeendelea kunyamaza hapo saa hizi ningekuwa nimelala.

Nikafungua mdomo. Nikasema ligi yetu ina timu nzito bwana. Jamaa akageuka polepole, akachukua rimoti, akapunguza sauti ya tivii, wakuu AKAPUNGUZA SAUTI YA TIVII, akanitazama akasema: "Taja tano."

Nikasema Bayern. Akasema moja. Dortmund. Mbili. Leverkusen, tatu. Leipzig, nne. Halafu sijui kiliniingia kitu gani, maana Stuttgart naijua, Frankfurt naijua, Gladbach hata ukiniamsha usiku wa manane nakutajia na kipa wa akiba, ila mdomo ukatoa Schalke.

Schalke.

Ukapita ukimya wa kama miaka miwili. Halafu jamaa akalala chini. Sio kwamba natia chumvi, alilala chini sakafuni akawa anapiga vigae na kiganja kama mcheza mieleka anayeomba aachiwe, watu nane wote wakamfuata, mtoto wa miaka sita ambaye hata kuotea hajui ni nini naye akacheka, nadhani mpaka refa kwenye tivii alisimamisha mechi aulize kuna nini.

Sasa nauliza, timu moja ikiwa bora kosa la nani? Bayern kachukua 11 mfululizo 2013 mpaka 2023, haya, mlitaka afanyeje, awe anaomba radhi? 2020 alimpiga Barcelona nane, Barcelona nao walitoka shambani siku hiyo? Lakini hoja siziwezi sasa hivi, mikono inatetemeka. Na kilichoniuma sio maneno, maneno yake tumeyazoea. Kilichoniuma ni ile rimoti. Mtu anapunguza sauti ili aibu yako isikike vizuri!! Hiyo alipanga. Ile sio hasira ya ghafla, ile ni kazi ya mtu aliyekaa akafikiria.

Toka nimefika nimezitaja timu zote kichwani kama mara arobaini. Freiburg, Mainz, Augsburg, Bremen, Wolfsburg, Bochum, ona sasa zinavyokuja zenyewe!!! Zilikuwa wapi saa ile?

Matusi ruksa, ila kwake tu.

kiti_cha_mbele
Nimevuta kiti. Schalke walishuka 2021, wakapanda, wakashuka tena 2023. Yaani mkuu umetaja timu iliyokuaga mara mbili 😂😂

mama_wa_kona
Na Bochum kashuka 2025 mleta uzi, futa haraka kabla hajaona

mleta uzi
Bochum nimemuweka makusudi kupima kama mnasoma.

mama_wa_kona
Haya baba.

beki_mstaafu
Tuache utani kidogo. Timu moja kutawala peke yake haikuambii ligi ni mbovu. City kabeba nne mfululizo 2021 mpaka 2024, kitu ambacho hakuna aliyewahi kufanya Uingereza, na ndani ya miaka hiyo hiyo fainali ya UEFA (Ligi ya Mabingwa Ulaya) 2021 walikutana Chelsea na City wenyewe kwa wenyewe. 2019 ndo usiseme, City bingwa na pointi 98, Liverpool wa pili na 97, halafu fainali zote mbili za Ulaya Waingereza watupu. Utaiita dhaifu hiyo? Usimuangalie bingwa, muangalie wa pili kabaki nyuma kiasi gani na wa tano anafanya nini akitoka nje. Dortmund 2024 alimaliza WA TANO Ujerumani akafika fainali ya UEFA, nusu fainali kampiga PSG nyumbani na ugenini. PSG hao hao wa jezi yenye lebo. Mleta uzi ulikuwa na risasi hiyo mfukoni ukajibu Schalke.

mleta uzi
Nimeikumbuka nikiwa naoga. Nimetoka na povu kichwani nikaiandika kwenye simu nisisahau tena.

kivuli_cha_refa
Beki umeongea ila umeruka shimo. Huyo bingwa wenu Bayern anawala wenzake. Götze 2013, Lewandowski 2014 tena bure, Hummels 2016, wote kawatoa Dortmund, wapinzani wake wakubwa. Unamvua mwenzio viatu halafu unasema huyu mbona hajui kukimbia.

beki_mstaafu
Kivuli hapo sikubishii. Ila na 2024 je? Kamnunua Kane, kamaliza wa tatu, Leverkusen kabeba bila kufungwa hata mechi moja, pointi 90.

kiti_cha_mbele
Na msimu huo huo Bayern katolewa kombe la Ujerumani na Saarbrücken wa daraja la tatu. Ila mleta uzi hata Saarbrücken hakumkumbuka

ngumi_ya_kipa
2023 nao mnauhesabu ubingwa? Dortmund alihitaji kushinda tu kwake siku ya mwisho, akatoka 2-2 na Mainz, Musiala akafunga dakika ya 89 kule Köln, pointi 71 kwa 71. Ule mlipewa ulikuwa umefungwa na utepe kabisa.

mleta uzi
Zawadi na yenyewe inawekwa kabatini.

msomaji_tu_2 (amejiunga leo)
Samahani wakuu, timu ya tano ni ipi?

mleta uzi
NI YEYE. Wakuu ni yeye huyu. Modi naomba uangalie hii akaunti imefunguliwa saa ngapi.

msomaji_tu_2
Sijui mnaongelea nini, mimi ni Bayern toka utotoni

mama_wa_kona
Toka utotoni 😂😂😂 ni yeye

bibi_kizee_wa_turin
Nyinyi mnalialia hapa mmesahau sisi. Juventus ya Italia, tisa mfululizo, 2012 mpaka 2020. Tukaambiwa Serie A, ligi yetu, imekufa, ndo maana mnashinda. Tukaenda fainali ya UEFA 2015, Barcelona akatupiga 3-1. Tukarudi 2017, Real akatupiga 4-1. Wakasema mnaona, ligi yenu mbovu. Sisi tulipoishiwa akabeba Inter, akaja Milan, akaja Napoli, sasa eti ligi imeamka ina ushindani mtamu. Kwahiyo ligi huwa inalala sisi tukiamka? Na kufika fainali mbili ndani ya miaka mitatu ni ukulima gani huo jamani, nimekaa na hili toka 2017 na hakuna aliyenifungulia uzi.

babu_wa_benchi
Vijana hamjui kitu. Rosenborg ya Norwei ilibeba 13 mfululizo, 1992 mpaka 2004. Ligi yao ndogo, hakuna aliyekuwa anaiangalia. 1996 wakaenda San Siro wanatakiwa washinde, wakampiga Milan 2-1 wakamtoa Ligi ya Mabingwa. Mfalme wa kijiji anaweza kuwa na ngumi kweli.

ngumi_ya_kipa
Babu Rosenborg sio dawa ya kikohozi hiyo?

babu_wa_benchi
Mjukuu wangu endelea kucheka.

epl_mpaka_kaburini
Mmemaliza? Ligi ni moja tu duniani, EPL, ligi kuu ya Uingereza. 2025 Tottenham kamaliza wa 17 na Europa League, kombe la pili la Ulaya, kabeba. Wa kumi na saba! Ndo ujue ligi ngumu inafananaje.

kivuli_cha_refa
Kampiga nani fainali kule Bilbao?

epl_mpaka_kaburini
Man United

kivuli_cha_refa
Aliyemaliza wa ngapi?

epl_mpaka_kaburini
15 ila sio hoja

shetani_mwekundu_99
Kwanini kila uzi lazima mfike kwetu? Mtu kaja kulia na Schalke yake huku nyie mmeshapita Bilbao. Tuacheni tupumzike. Na kwa taarifa yenu hiyo ligi ngumu, timu tatu zilizopanda 2023 zote zikashuka, zilizopanda 2024 zote zikashuka tena, Southampton kaondoka na pointi 12. Huko chini kuna ushindani gani? Bingwa mnabadilishana lakini mlango mmeufunga kwa ndani.

beki_mstaafu
Hii ndo hoja ya maana kuliko zote humu na imetoka kwa mtu wa United, dunia inaisha

mpiga_kona_wa_london
Naomba kwenye uzi huu mtu asitaje neno "wa pili". Sisi Arsenal 2023 wa pili, 2024 wa pili, 2025 wa pili. Mleta uzi wewe umechekwa na watu nane siku moja, mimi nachekwa kila Mei. Na City alipoporomoka ule msimu wa 2025 tukasema huu wetu sasa, Liverpool akapita na pointi zake 84 anapiga mluzi.

mleta uzi
Pole mkuu. Ila jamani turudi kwenye mada, jamaa kapunguza SAUTI YA TIVII, kuna mtu kaliona hilo kweli? Kwa rimoti ambayo sio yake.

kiti_cha_mbele
Mpiga kona nyie hamkukosa ubingwa kwa Liverpool, mlikosa kwa sare. Na kadi nyekundu.

mpiga_kona_wa_london
Kadi nyekundu tusiongelee nitafungiwa. VAR, marefa wa video, inatutafuta sisi tu.

wekundu_wa_anfield
VAR inawatafuta nyinyi?? 2019 Firmino wetu wa Liverpool alikataliwa goli kule Villa kwa sababu ya kwapa. KWAPA. Wakachora laini mpaka kwenye kwapa la binadamu wakasema kaotea.

ngumi_ya_kipa
Kwapa linafunga goli?

babu_wa_benchi
Sheria inasema sehemu yoyote inayoruhusiwa kufunga. Mkono haumo. Mkono unaanzia chini ya kwapa.

ngumi_ya_kipa
Kwahiyo babu kwapa lenyewe ni mkono au ni mwili? Nauliza kwa nia njema

mama_wa_kona
Nimeinua mkono hapa naangalia kwenye kioo na sina jibu

mleta uzi
Rimoti jamani

kivuli_cha_refa
Wekundu hiyo mechi ya Villa si mlishinda 2-1 lakini?

wekundu_wa_anfield
Tulishinda, ndio, tena dakika za majeruhi. Sio hoja. Kwapa lile naliona mpaka leo nikifumba macho.